Maji Matatu

Harufu inayonirudisha Gorong'a kwa haraka kuliko picha yoyote ni ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, ikiwa imechanganyika na ya sabuni ya mche iliyoachwa juani. Najua hizo ni harufu mbili zisizopikika chungu kimoja. Moja ilikuwa ya Bibi, mama yake Baba, na nyingine ilikuwa ya Mama. Kwa msimu mmoja zilikaa katika uwanja mmoja zikitazamana kama majirani waliogombania mpaka, na mimi nikiwa katikati, nimevaa gauni lililonukia zote mbili. Hadi leo nikipita mahali nikasikia moshi wa kuni na sabuni pamoja, husimama kidogo, na mtu niliye naye hudhani nimesahau kitu.

Nilizaliwa Mugumu, katika vyumba viwili nyuma ya duka la baba yake Mama, fundi cherehani aliyetoka pwani akiwa kijana, akafika Serengeti na hakuondoka tena. Baba yangu ni Mkurya wa Gorong'a, dereva wa lori. Alisilimu ili amwoe Mama, jambo ambalo Bibi hakuligombea wala hakulisahau. Mugumu niliitwa Rukia. Gorong'a niliitwa Bhoke, na hakuna aliyewahi kuniuliza lipi nalipenda. Mama yangu alikuwa na sifa mtaani kwa ufuaji wake, na namna alivyofua sijaona hadi leo kwa mtu mwingine. Nguo nyeupe zilikuwa na beseni lake, za rangi lake, matandiko lake, na nguo za ndani hazikuchanganywa na chochote; kila mtu aliyeweza kushika sabuni alifua zake mwenyewe, nami nilianza nikiwa na miaka sita. Alizoloweka jana alizifikicha leo, nyeupe akazipitisha kwenye maji ya bluu ya kung'arishia, kisha kila kipande kikasuuzwa maji matatu. Maji ya kwanza, alisema, yanatoa povu. Ya pili yanatoa uchafu uliobaki kwenye povu. Ya tatu ni ya kukupa amani unaposimama kuswali. Usingeweza kumshawishi aache ya tatu hata bomba likiwa limekauka siku nne.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, Bibi alimwita Baba akamwambia jambo lililokuwa kifuani mwake tangu harusi. Nyumbani kwao mkamwana huanza kwa kupika kwenye jiko la mama mkwe. Akishaijua nyumba, mama mkwe humpa mafiga matatu yake mwenyewe na kuonyesha mahali pa kujenga. Mama hakupitia hayo, aliolewa mjini akaanza na jiko la mkaa. Basi Bibi alitaka aje msimu mmoja, kuanzia palizi hadi mavuno ya mahindi. Wakielewana, atampa mafiga na Baba atajenga pale kwao. Wasipoelewana, arudi Mugumu, na Baba asiulizie tena kiwanja. Kwa mwanaume wa kule kukosa nyumba kwenye boma la baba yake si jambo la kuchekea, na Baba, aliyekuwa mcheshi kila siku, alitupeleka Gorong'a bila kutoa mzaha hata mmoja njia nzima. Mama alifunga mabeseni manne kwa kamba, moja ndani ya jingine, akayapakata. Mimi sikujua kama nataka kubaki au kurudi, lakini wiki moja tu ya vilima vile na maziwa yale ikanitosha. Nilitaka tubaki, nilitaka kwa moyo wote.

Sasa naomba nimseme Bibi vizuri, maana watu wa mjini wakisikia habari za kinyesi cha ng'ombe huwa hawasubiri sentensi iishe. Bibi alikuwa msafi. Sijasema msafi kwa mtu wa kijijini, nimesema msafi. Kila baada ya siku chache aliisiliba sakafu ya nyumba kwa udongo na mavi mabichi ya ng'ombe, akiipapasa kwa kiganja hadi ikawa laini bila ufa, na huwezi kuamini jinsi nyumba inavyotulia baada ya hapo, bila vumbi wala kiroboto. Vibuyu vya maziwa alivisafisha kwa mkojo wa ng'ombe, akavisuuza, akavisugua ndani kwa kijinga cha moto cha mti aliouchagua mwenyewe, hadi maziwa yakawa na ladha ambayo hakuna duka linaloiuza. Kijitoni alikuwa na utaratibu kama wa hospitali: juu kabisa watu wanachota maji ya kunywa, chini yake wanaosha vyombo, chini zaidi wanafua, na chini kabisa ng'ombe wanakunywa. Mtu aliyechanganya ngazi hizo alisemwa hadi aone haya. Bibi alioga kila jioni, mvua au baridi, na visigino vyake alivisugua kwa jiwe. Mtu huyo ndiye aliyemwona Mama akifua ndani ya beseni kwa mara ya kwanza.

Alisimama akamwangalia muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akaniuliza mimi, kwa sababu walikuwa bado hawajazoea kusemeshana moja kwa moja, kwa nini mama yangu anaogesha nguo ndani ya uchafu wake. Kijitoni uchafu unaondoka na maji, alisema, kwenye beseni unakaa hapo hapo na nguo, vinasalimiana. Alipoona nguo zinahamia beseni la pili, la tatu na la nne akapata la kusema zaidi. "Maji matatu ya nini? Hapa kuna maiti?" Mama alisikia, akainama zaidi juu ya beseni. Naye alikuwa na yake, ingawa aliyasema chini chini nikiwa peke yangu naye. Hakuweza kukaa kwenye sakafu iliyosilibwa bila kutandika mkeka, na nguo yoyote iliyogusa zizi aliirudia upya, maji matatu, hata kama ilikuwa imetoka kufuliwa asubuhi. Bibi alilihesabu hilo kama matusi. Mama alikuwa na leso mfukoni ya kupengea kamasi, na Bibi aliiona ile leso akashangaa kwa dhati kwamba mtu mzima anayatunza makamasi na kutembea nayo. Mama alikwenda chooni na kopo la maji, watoto wa jirani wakamcheka, lakini Bibi aliwafukuza. Kopo, alisema, lina akili. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza la Mama kupata sifa, nasi tulilikumbatia kwa furaha kubwa kuliko lilivyostahili.

Kulikuwa na sheria moja ambayo hatukubishana nayo hata kidogo. Mkamwana na baba mkwe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawakutani njiani uso kwa uso, na Mama akimwona Babu anakuja alihama njia akasimama pembeni ameinamisha macho, na Babu naye alihama upande wake, kila mmoja akimkwepa mwenzake kwa heshima kubwa. Nguo za mkamwana zilifuata sheria hiyo hiyo. Hazikuanikwa kwenye kichaka kimoja na za Babu, na za ndani hazikutakiwa kuonekana naye kabisa. Kwa hiyo Mama alifunga kamba nyuma ya jiko, mahali Babu hakuwa na sababu ya kupita, na kila alichovaa kilikaukia huko. Nguo za mkewe zikimpita Babu machoni ni uzembe tu wa mke. Za mkamwana ni fedheha, na fedheha ya namna hiyo huitiwa wazee na kuchinjiwa mbuzi, na baada ya mbuzi mkamwana kama huyo hapewi mafiga na mtu.

Haya yote niliambiwa. Tatizo ni kwamba niliambiwa kama watoto wanavyoambiwa, yaani usifanye hivi, bila kuambiwa kwa nini, na kichwa changu kilikuwa kimejaa mafundisho ya Mama kuhusu jua. Nguo nyeupe inataka jua kali, alisema kila siku, kivulini inabaki na harufu. Siku moja mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku, na nyuma ya jiko palikuwa tope na kivuli. Mama alikuwa ameosha nguo zake nyeupe, akaniachia nizianike yeye akienda kuchota maji. Miongoni mwazo kulikuwa na gagulo lake la harusi, lile la kuvaa chini ya gauni, jeupe, lenye lesi tatu kwenye pindo ambazo babu wa Mugumu alizishona kwa mkono. Niliiangalia kamba ya nyuma ya jiko, nikaliangalia lile tope, kisha nikatazama mbele ya nyumba. Pale jua lilikuwa limefunguka lote, likapiga mti wa juu wa lango la zizi, mkavu, mlaini, uliosuguliwa na migongo ya ng'ombe kwa miaka. Niliona nimegundua mahali bora kuliko Mama. Nikaburuta kigoda, nikapanda, nikalitandaza gagulo pale, lesi zikining'inia chini vizuri. Nikashuka nikasimama mbali kidogo kuliangalia, nikajisifu.

Babu alirudi na ng'ombe jua likiwa bado juu, mapema kuliko kawaida, kwa sababu malisho yalikuwa yameloa. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mboga. Nilimwona akija mbele ya kundi, fimbo begani, akiimba kidogo kama kawaida yake. Akafika kwenye lango, akasimama. Wimbo ukakatika. Akageuza uso kabisa, akautazama mlima wa ng'ambo, na akabaki hivyo hivyo. Ng'ombe waliendelea kuja nyuma yake wakajazana, ndama waliokuwa ndani wakasikia mama zao wakaanza kulia, na mama zao wakajibu, na katikati ya kelele zote hizo yule mzee amesimama anautazama mlima. Hakuweza kuligusa gagulo. Hakuweza kupita chini yake. Wakati huo huo nilimwona Mama akitokea kwenye migomba na ndoo kichwani. Aliona lango, akaona gagulo lake, akaona mgongo wa baba mkwe wake. Hakuweza kuja kulitoa kwa sababu Babu yupo. Alisimama pale kwenye migomba, maji yakimwagika kidogo kidogo begani kwake, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kufungasha mabeseni. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilitaka kukimbia kulishusha, lakini kabla sijainuka ng'ombe walinitangulia.

Ng'ombe mwekundu aliyekuwa na ndama mdogo hakuwa na sheria na mtu. Alimsukuma Babu pembeni, akaingia, na pembe yake ikalibeba gagulo kama lililotundikwa hapo kwa ajili yake. Akaingia nalo zizini, akazunguka mara mbili lesi zikimpepea jichoni, akalitupa, na wengine wakalikanyaga wakipita. Sijui kama nilipaswa kucheka. Leo nacheka. Siku ile niliziminya mboga hadi zikavunjika mkononi.

Bibi alitoka ndani na kibuyu kwapani, vidole vyeusi kwa masizi. Aliangalia kila mtu mara moja: mimi na kigoda changu kilichobaki langoni, Mama kwenye migomba, mumewe anayetazama mlima, na kile kitambaa kati ya kwato. Babu akauliza bila kugeuka, kwa sauti ya chini.

"Ile nguo ni ya nani?"

Kila mtu pale alijua ni ya nani. Bibi alikuwa na magauni mawili ya kanisani na vitenge, na hakuwa amewahi kuvaa gagulo maishani. Alikiweka kibuyu chini taratibu.

"Ni yangu," akasema.

Babu aliendelea kuutazama mlima. Huyu ni mtu aliyeishi na mke wake miaka mingi kuliko umri wa Baba, na naamini hakukuwa na uzi katika nyumba ile asioujua ni wa nani.

"Basi itoe," alisema mwisho. "Ndama wanalia."

Akapita, ng'ombe waliobaki wakapita, na mambo yakaisha hapo. Hakuna mzee aliyeitwa, hakuna mbuzi aliyechinjwa. Bibi aliingia zizini bila viatu, akaliokota gagulo likiwa kijani kwa mavi, akaniambia nilete sabuni ya mama yangu na kata ya maji, nimfuate. Nilimfuata hadi kijitoni, kwenye ngazi ya kufulia, nikijua nakwenda kuchapwa. Hakunichapa. Alilifua lile gagulo kwenye jiwe kwa nguvu, kisha kwa taratibu sana alipofika kwenye lesi, akiziangalia kwa karibu, akapitisha kidole juu ya mishono. Lilipotakata kwa macho yangu nilidhani tumemaliza. Akaniuliza mama yangu anasuuzaje. Nikamwambia maji matatu. Akasema najua ni matatu, nimeyaona mwezi mzima, nataka kujua anaanza wapi. Basi nikamweleza: ya povu, ya uchafu, ya amani. Akachota kwa kata kutoka kwenye mkondo, akamimina juu ya nguo, akakamua. "Emwe," akahesabu kwa Kikurya. Akachota tena. "Ibhere." Akachota tena, na haya ya tatu aliyamimina polepole kuliko yote. "Isato." Akalikung'uta, akalitazama juani. Akasema mavi ya ng'ombe hayamchafui mtu, mimi najua hivyo na nitakufa nikijua hivyo, lakini mama yako hawezi kusimama mbele ya Mungu wake na nguo hii bila haya maji matatu, na mimi siyo mtu wa kumzuia mtu mlangoni kwa Mungu. Nililia pale pale. Sikujua kama nalia kwa kuogopa au kwa kumpenda.

Tuliporudi alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akalianika kwenye kamba ya Mama. Mama alikuwa amekaa kwenye kigogo, macho mekundu. Akainuka akataka kulipokea, akaanza kusema, "Mama, hilo..." Bibi akamkata.

"Nimeshasema ni langu. Unataka niwe mwongo mbele ya mume wangu?"

Kwa hiyo lilikuwa lake. Jumapili iliyofuata alilivaa chini ya gauni la kanisani, na kwa vile alikuwa mfupi kuliko Mama, lesi zote tatu zilionekana chini ya pindo. Alitembea njia nzima ya kanisani akizionyesha, kwa mwendo ambao sikuwa nimeuona kwake. Babu, aliyekuwa mbele yake, aligeuka mara moja tu kutazama, kisha akaendelea na safari yake. Nadhani alikuwa anacheka.

Mabadiliko mengine yalikuja bila kutangazwa. Mama akaanza kupeleka nguo za rangi kijitoni, akikubali kwamba maji yanayoondoka yana faida yake, na akabaki na nyeupe tu kwenye mabeseni. Alijifunza kufukiza vibuyu hadi Bibi akawa anamwachia kazi hiyo. Kwenye sakafu iliyosilibwa aliendelea kutandika mkeka, hilo hakuliacha, na Bibi alinunua mkeka wa pili ili mgeni mwingine mwenye tabia hiyo akija asikose. Mimi nilipewa kazi ya kuanua nguo jua likielekea kuzama, na nilielezwa sasa kwa nini kila kamba iko mahali ilipo. Mahindi yalipovunwa, Bibi alimwita Baba, akamwonyesha kipande cha ardhi upande wa juu, kisha akamkabidhi Mama mafiga matatu mkononi, mawe meusi yaliyoungua kwa moto wake mwenyewe. Mama aliyapokea kwa mikono miwili. Kabla ya kuyaweka mahali pake aliyaosha, na Bibi alisimama pembeni akamhesabia kwa sauti.

Leo naishi Nkende, Tarime mjini, na nina mashine ya kufulia. Siwezi kusema uongo, naipenda. Natupa nguo, nafunga mlango, nakwenda kazini, nikirudi zimekamuliwa. Nyeupe na za rangi nazichanganya zaidi ya ninavyopaswa kukiri, na wanangu hawajui bluu ni nini. Nguo zetu ni safi, lakini hakuna anayejua ni nani aliyezifua. Ninapowakumbuka wale wanawake wawili, siwakumbuki kama watu wawili waliobishana nani msafi. Nawakumbuka kama watu waliokuwa makini na usafi wao kuliko ninavyokuwa makini na kitu chochote, kila mmoja akijua kila tone la maji lina kazi gani. Mimi nimerithi sabuni nzuri tu.

Babu alishatangulia miaka mingi iliyopita. Bibi sasa hatoki kitandani, na Mama, ambaye nywele zake zimekuwa nyeupe kuliko zile nguo zake, ndiye anayemwogesha na kumfulia katika nyumba ile ya upande wa juu. Mwaka jana niliwapelekea mashine ndogo, nikawaonyesha inavyofanya kazi, na Mama alishukuru, akatia mashuka, akatia vitenge, akatia kila kitu. Ilipobaki nguo moja kwenye kapu aliiwahi kabla sijaigusa. Ilikuwa ni lile gagulo, limechakaa, lesi moja imeshatoka, rangi imekuwa ya chai ya maziwa. Akakaa kwenye kigoda, akalifikicha taratibu ndani ya beseni. Alipofika kwenye kusuuza, sauti dhaifu ikatoka chumbani, kupitia dirishani, ikihesabu: emwe, ibhere, isato. Mama akalikamua. Kisha, ingawa mbele ya nyumba kulikuwa na jua kali na zizi limebaki tupu, bila mtu wa kuona haya wala wa kuhamiwa njia, alizunguka nalo nyuma ya jiko akaenda kulianika kule.